Mwanachama akikuuliza "niweke kiasi gani?"

Wadogo zangu wa dawati la ushauri wa kustaafu, nimemaliza kupitia mafaili yenu, na kabla hamjakaa tena mbele ya mwanachama nina mambo ya kuwaambia. Kikokotoo mnakimudu kuliko nilivyokimudu mimi nilipoingia kazi hii. Lahajedwali zenu ni safi, fomula zimekaa sawa, na hakuna aliyekosea kujumlisha. Ninachokiona ni makosa yaleyale ya miaka yote. Mwanachama anaketi, anauliza aweke kiasi gani ili astaafu kwa raha, na kabla hajakaa sawa kwenye kiti mmeshamtajia namba yenye sifuri nyingi. Anapokea karatasi, anashukuru, anaondoka. Wengine wanaondoka wamekata tamaa, na mtu aliyekata tamaa haongezi michango. Wengine wanaondoka wameridhika kupita kiasi, na hao ndio wanaonikosesha usingizi.

Mnalijibu swali lile haraka kwa sababu mnadhani ni la hesabu. Hesabu imo, ila inakuja mwishoni. Sehemu kubwa ya muda wenu na mtu inapaswa kwenda kwenye maisha yake: anatumia nini, anamtumia nani, na miaka ikiharibika atapunguza wapi. Nimezipanga hoja hizi kama ninavyozipanga mezani, na msinishangae nikikaa kwenye moja kuliko nyingine.

1. Anza na matumizi, mshahara uweke kando

Karibu kila faili, kwenye kisanduku cha "lengo", nimekuta asilimia 70 au 80 ya mshahara wa mwisho. Kipimo hicho kina kazi yake. Kinafaa kulinganisha skimu moja ya pensheni na nyingine, na kinafaa kwa anayepanga sera ya watu wengi kwa mkupuo. Kwa mtu mmoja aliyeketi mbele yako hakikuambii kitu. Wawili wanaweza kupokea mshahara sawa, mmoja akatumia nusu na mwingine akaumaliza wote kabla ya mwezi kuisha. Yule wa kwanza anahitaji akiba ndogo zaidi na tayari anaiweka kwa kasi. Wa pili anahitaji akiba kubwa na hana cha kuanzia. Ninyi mmewaandikia lengo moja.

Mwombe taarifa za benki na za simu za miezi kadhaa, mkae mzipitie pamoja. Futa yatakayokoma: michango yenyewe, nauli ya kazini, mkopo wa nyumba kama utakuwa umekwisha, ada za watoto kama watakuwa wamemaliza. Ongeza yatakayopanda, matibabu kwanza. Halafu uliza vitu vinavyokuja mara moja kwa mwaka au mara moja kwa miaka kumi, maana hivyo ndivyo watu husahau.

Kuna mzee aliwahi kunitajia matumizi yake ya mwezi kwa uhakika kabisa, bila kutazama karatasi yoyote. Mkewe alikuwa kando yake, kimya. Nilipoanza kuzidisha, mama akauliza, "Na paa?" Nikaweka kalamu chini. Baada ya paa likaja gari, baada ya gari ikaja miwani, bima, michango ya harusi na misiba, fedha anazotumiwa kila muhula mtoto wa ndugu yake. Tulipomaliza, vilivyosahaulika vilikaribia theluthi moja ya kile alichokuwa amekitaja. Mzee alicheka, akasema kumbe amekuwa akiishi kwa fedha za mtu mwingine. Tangu hapo sikubali kufunga faili la mtu mwenye mwenzi bila mwenzi huyo kuwapo, au angalau kuiona orodha. Ninyi mnaoandika "mwenzi atajulishwa", acheni.

2. Toa kwanza kilicho na uhakika

Hapa mnawatisha watu bure. Mnachukua matumizi yote ya mwaka, mnayazidisha kwa 25 (ilikotoka nitaieleza kwenye hoja ya nne), mwanachama anaona mlima. Chukua kwanza pensheni yake ya kila mwezi ya maisha, kodi ya nyumba kama anayo ya kuaminika, na chochote kingine kitakachoingia bila kutegemea soko. Akiba inaziba pengo tu.

Mfano wa kufundishia ni huu, na tutautumia mpaka mwisho. Mshahara wa mwaka ni 100. Matumizi ya uzeeni ni 60. Pensheni ya uhakika ni 20. Pengo ni 40. Kwa kipimo cha mara 25, lengo ni 1,000, yaani mara kumi ya mshahara. Mngezidisha 60 yote mngempa 1,500, na huenda asingerudi.

Sharti moja: angalieni kama pensheni hiyo inapandishwa kufuata bei. Kama imegandishwa, ile 20 ni 20 kwa mwaka wa kwanza tu. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 12 inanunua nusu ya ilichokuwa ikinunua. Gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko wa bei na utapata miaka ya bei kuongezeka maradufu. Hesabu hiyo ifanyike kichwani, mbele ya mwanachama, bila mashine.

3. Kila kitu kwa fedha ya leo

Nimekuta faili ambalo matumizi yako kwa bei za leo, akiba ya mwisho iko kwa bei za miaka 30 ijayo, na hitimisho linasema mwanachama atakuwa na ziada. Hana ziada yoyote. Kwa mfumuko wa asilimia 3, kinachogharimu 100 leo kitagharimu 243 baada ya miaka 30. Kwa asilimia 6 kitagharimu 574. Tumieni faida halisi, iliyokwisha kuondolewa mfumuko, na msiipate kwa kutoa tu. Uwekezaji ukileta asilimia 12 na bei zikipanda 8, gawa 1.12 kwa 1.08: faida halisi ni asilimia 3.7. Tofauti na 4 inaonekana ndogo, ila ukiipeleka miaka thelathini inakula akiba ya watu.

4. Hiyo 25 mmeitoa wapi?

Nilimuuliza mmoja wenu akaniambia ni "kanuni". Sikukasirika, ila nataka mjue ilikotoka, kwa sababu mtu anayejua kanuni ilikotoka anajua pia inapoishia.

Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alichapisha makala iliyojibu swali moja: mtu akistaafu, anaweza kuchota kiasi gani mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka apandishe kiasi hicho kufuata bei, bila akiba kumwishia ndani ya miaka 30? Alitumia kumbukumbu za soko la Marekani kuanzia 1926, akajaribu kila mwaka wa kuanzia, kwa akiba iliyogawanywa kati ya hisa na hati fungani za serikali, yaani fedha ambazo serikali hukopa kwa wawekezaji na kuzilipa kwa riba. Kiasi kilichohimili hata mwaka mbaya kuliko yote kilikuwa karibu asilimia 4. Geuza asilimia 4 na utapata mara 25. Mwaka 1998 maprofesa watatu wa Chuo Kikuu cha Trinity, Texas, walifanya kazi inayofanana na hiyo, na kanuni ikaenea duniani.

Sasa tazameni masharti yaliyomo. Miaka 30: anayestaafu akiwa na miaka 50 hahusiki, mpe mara 30 au hata 33. Nusu hivi ya akiba iwe kwenye hisa: anayeweka kila kitu kwenye akaunti ya amana hahusiki. Ada hazikuhesabiwa. Na soko ni la Marekani katika karne ambayo nchi hiyo ilifanya vizuri sana. Mwaka 2010 mtafiti Wade Pfau alipeleka swali hilohilo kwenye nchi 17 zilizoendelea. Hata alipodhani kwamba mstaafu amejua mapema mgawanyo bora wa hisa na hati fungani, asilimia 4 ilihimili kila mwaka wa kuanzia katika nchi 4 tu.

Kwa hiyo 25 iwe namba ya kuanzia mazungumzo. Mkiiandika kwenye faili, andikeni chini yake ni masharti gani mwanachama huyu hayatimizi.

5. Mpangilio wa miaka

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipomuumiza mtu.

Nilikuwa kijana kama ninyi, nina cheti kipya na imani kubwa katika wastani. Akaja mama mmoja, mwalimu wa hesabu, miezi michache kabla ya kustaafu. Alikuwa na akiba nzuri aliyoiweka kwa nidhamu, sehemu kubwa ikiwa katika mfuko wa hisa. Nikatazama rekodi za mfuko ule, nikaondoa mfumuko, nikapata wastani wa faida halisi wa asilimia 6 kwa mwaka. Nikamwambia neno ambalo hadi leo nikilisikia kwenye mdomo wa mmoja wenu nasimama: "Chuma faida tu, mtaji hautaguswa." Kwa kila 1,000 achote 60 kila mwaka. Nikamchorea mstari mmoja ulionyooka, akaiweka karatasi kwenye mkoba wake.

Aliniuliza swali moja, na lilikuwa swali sahihi. "Soko likianguka?" Nikajibu kwamba kwa muda mrefu hurudi, asiwe na wasiwasi, na asibadilishe mpango kwa hofu. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba nilimpa jibu la mtu anayeweka akiba, naye alikuwa anakaribia kuwa mtu anayechota.

Mwaka wake wa kwanza soko lilianguka vibaya. Wa pili likaendelea kushuka. Naye, kwa kuwa nilimwambia asibadilishe, aliendelea kuchota kiasi kilekile, akiuza vipande vya mfuko kwa bei ya chini kila mwezi. Hakunipigia simu. Mimi nami sikumtafuta, kwa sababu kwenye kitabu changu faili lake lilikuwa limefungwa. Aliporudi, kwa kila 1,000 aliyostaafu nayo alikuwa na takriban 600. Matumizi yaleyale ya 60 sasa yalikuwa asilimia 10 ya akiba yake. Hakuna akiba inayohimili kasi hiyo kwa miaka 30.

Alikuja na daftari. Alikuwa amefanya hesabu zote mwenyewe, kwa mkono, safu kwa safu, kwa mwandiko wa mwalimu. Akaligeuza upande wangu akaniambia, "Kijana, ulinipa wastani. Miaka yenyewe ulinionyesha?" Hakupandisha sauti. Nilitafuta neno la kujitetea nikakosa, maana kila namba kwenye daftari lile ningeweza kuiandika mimi siku ile ya kwanza, nami sikuiandika.

Lililoniumiza zaidi lilitoka baadaye, tulipokuwa tukipitia matumizi yake, kazi ambayo ningepaswa kuifanya mwanzoni. Palikuwa na upasuaji wa mtoto wa jicho alioahirisha. Aliahirisha ili asizidishe kuchota, kwa sababu mpango ulisema 60 na yeye ni mtu wa kufuata mpango. Watoto wake hakuwaambia. Mwalimu mzima alikuwa anasoma daftari lake kwa jicho moja kwa sababu ya mstari niliomchorea.

Hesabu aliyonionyesha ninawafundisha ninyi hadi leo, na nataka kila mmoja aweze kuiandika ubaoni. Chukua miaka mitano yenye faida halisi hizi: hasara ya 20, hasara ya 10, faida ya 5, ya 15 na ya 25. Kama huchoti chochote, 1,000 inakuwa takriban 1,087, iwe miaka mibaya imetangulia au imekuja mwishoni. Kuzidisha hakujali mpangilio. Sasa chota 60 mwishoni mwa kila mwaka. Miaka mibaya ikitangulia, unabaki na 693. Ikija mwishoni, unabaki na 838. Wastani ni uleule, mfuko ni uleule, nidhamu ni ileile, na tofauti ni zaidi ya matumizi ya miaka miwili. Anayeweka akiba hafurahii soko kuanguka, lakini kila mchango wake unanunua vipande vingi zaidi. Anayechota anauza vipande vingi zaidi, na vilivyouzwa havipo tena soko linapoinuka.

Mkirudi kwa Bengen mtaona jambo lilelile. Waliopata shida kubwa katika kumbukumbu zake hawakustaafu katikati ya anguko lenyewe. Walistaafu mwishoni mwa miaka ya 1960, wakakutana na anguko la soko la 1973 na 1974 na mfumuko mkali wa muongo ule, wakiwa bado katika miaka yao ya mwanzo ya kuchota. Yaliyowapata baadaye hayakuweza kuwafidia. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo kabla ya kukutana na mwalimu yule. Niliisoma kama historia ya watu wengine.

Tulichofanya naye: tulipunguza kiasi cha kuchota hadi 40 kwa kila 1,000 ya mwanzo, tukachukua sehemu ya akiba tukamnunulia annuiti, yaani mkataba unaomlipa mtu kiasi fulani kila mara mpaka anapofariki, ili mahitaji ya lazima yalipwe maisha yake yote pasipo kutazama soko, na yeye akarudi kufundisha masomo ya ziada kwa muda. Upasuaji ulifanyika mwezi uleule, hilo nilisisitiza mimi. Mambo yalitulia. Lakini safari alizokuwa amezipanga hakuzifanya, na maisha aliyoyapata yalikuwa madogo kuliko aliyoyalipia kwa miaka yake yote ya michango. Hilo sikuweza kumrudishia.

Kwa hiyo nawadai mambo manne kwa kila anayekaribia kustaafu. Mchoreeni mistari miwili, mmoja wa miaka mibaya mwanzoni. Tenganisheni mahitaji na matamanio yake, na mhakikishe mahitaji yanabebwa na pensheni au annuiti. Fedha za matumizi ya miaka miwili au mitatu zikae nje ya hisa, ili soko likianguka asilazimike kuuza. Na mpigieni simu. Soko likianguka, orodha ya waliostaafu hivi karibuni iwe mezani kwenu asubuhi ileile.

6. Ataishi miaka mingapi?

Hapa mnatumia umri wa wastani wa kuishi tangu kuzaliwa. Ni kosa la kiufundi na linanikera kwa sababu lilishatatuliwa zamani. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule mwanaastronomia wa nyota yenye mkia, alichapisha jedwali la vifo lililotokana na kumbukumbu za mji wa Breslau, akaonyesha jinsi ya kukadiria bei ya annuiti kufuata umri ambao mtu ameshaufikia. Wastani wa tangu kuzaliwa unawahesabu waliofariki wachanga na vijana. Aliye mbele yako ana miaka 60. Hayo yote ameshayapita. Soma safu ya 60.

Na hata ukisoma safu sahihi, wastani maana yake ni kwamba karibu nusu ya watu wataupita. Ukimpangia mtu fedha za kufika kwenye wastani, umempangia nafasi moja kati ya mbili ya kuishiwa akiwa hai. Wenza wawili ni zaidi: kama kila mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kufika miaka 90, nafasi ya angalau mmoja wao kufika ni karibu asilimia 44. Mara nyingi atakayebaki ni yule ambaye jina lake haliko kwenye faili.

Umri wa kustaafu kisheria nao msiuchanganye na hili. Ujerumani ya Otto von Bismarck ilipopitisha sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889 umri ulikuwa 70, ukashushwa hadi 65 mwaka 1916. Hizo ni tarehe za malipo kuanza, zimewekwa na watunga sheria. Miaka ya kulipia matumizi ni jambo jingine.

7. Mpe cha kufanya mwezi huu

Mwanachama hawezi kufanya lolote na "mara 25". Mgeuzie iwe sehemu ya mshahara. Turudi kwenye mfano wetu: lengo 1,000, mshahara 100, faida halisi asilimia 4. Akiwa na miaka 35 mbele yake, aweke karibu 13.6 kwa mwaka. Akiwa na 25, aweke 24. Akiwa na 15, aweke 50.

Namba hizi mkimwonyesha kijana wa miaka 25 ataanza kesho. Mkimwonyesha mtu wa 45 bila kuendelea, mmemfukuza. Niliwahi kumwona mmoja wenu akisoma ile 50 kwa sauti, kisha akanyamaza, na mama wa watu akawa anaukunja mkoba wake. Ilinibidi nivute kiti.

Tulifanya hivi. Kama angesogeza kustaafu kwa miaka mitatu, ile 50 ingeshuka hadi 39. Kama pia angebana matumizi ya uzeeni kutoka 60 hadi 50, pengo lingekuwa 30, lengo 750, na mchango 29. Bado ni mzigo, lakini ni mzigo wa mtu anayeweza kuamka nao. Halafu tukatazama pensheni yake: kuchelewa miaka mitatu kungeipandisha pia, tukashuka zaidi. Mwisho tukakubaliana aanze na 15 na kila nyongeza ya mshahara igawanywe nusu kwa nusu kati ya mchango na matumizi, kwa sababu 15 ya kweli inazidi 29 ya kwenye karatasi. Alitoka ameshika fomu ya kuongeza mchango, imejazwa. Kipimo cha kikao ni fomu hiyo.

8. Mengine, kwa haraka

Ada ya asilimia 1.5 kwa mwaka, ikitolewa kwenye faida halisi ya 4, inaondoa robo ya akiba ya miaka 35. Ulizeni ada kabla ya kuuliza faida.

Akiba ya dharura ikae peke yake, vinginevyo akiba ya uzeeni ndiyo itakayolipa hospitali.

Anayebadilisha kazi ahamishe mafao, asiyachukue.

Mkupuo wa mafao ya kustaafu usigawiwe kwa ndugu kabla ya mwaka mmoja kupita. Anayewasaidia ajiwekee kiasi cha mwezi, kiingie kwenye matumizi kama kodi na chakula.

Deni lenye riba kubwa kuliko faida ya uwekezaji lilipwe kwanza, isipokuwa pale mwajiri anapochangia sawa na mwanachama; mchango huo usiachwe kamwe.

Nyumba anayoishi msiihesabu kama akiba mpaka akuambie kwa kinywa chake kwamba ataiuza au ataipangisha.

Mafaili ya wiki ijayo yasije kwangu bila ukurasa wa matumizi mbele, uliosainiwa na mwenzi pale alipo. Ukurasa wa pili uwe na pengo, ukiwa kwa fedha ya leo. Wa tatu uwe na mistari miwili niliyoitaja. Kwa wale mliowafungia mafaili mwaka huu na wameshaanza kuchota, nimewawekea orodha kwenye dawati la mapokezi, majina na namba za simu. Gawaneni, muanze kupiga kesho asubuhi kabla ya foleni kuanza.